Sato Waliokosa Hewa

Nyumbani kwetu Nyanga tunafuga sato kwenye tangi, na maji yao hunywesha mboga. Siku chache kabla ya sherehe ya komunio ya kwanza ya binti yangu, niliwahamishia wakubwa kwenye tangi jingine la maji safi bila chakula, ili ladha ya tope iwatoke kabla hatujawala. Asubuhi moja umeme ukakatika na pampu ya hewa ikazimika. Samaki wakapanda juu, midomo wazi, wakitweta.

“Mama, wanakufa!” nilipiga kelele.

Mama mkwe alikuja mbio na ndoo. “Chota umimine kutoka juu, maji yapate hewa. Usiache, mwanangu!”

Tulimimina ndoo baada ya ndoo. Mmoja aligeuka tumbo juu, nikaanza kulia. Umeme uliporudi wengine wote walikuwa hai, lakini sikuthubutu kuondoka pale hadi jioni.