Mbuzi Kumi na Tisa wa Mama Nywele

Wewe unayejiita mpenda wanyama, umewahi kuosha mavi ya chui kwa mikono yako?

Sikuulizi kwa kejeli. Mimi nilitoka chuoni na shahada ya wanyamapori na hotuba nne kichwani kuhusu kuwaokoa wanyama walao nyama, na sikuwa nimewahi. Aliyenifundisha ni mwanamke aliyeishia darasa la saba, aliyekuwa msusi kwa miaka kumi na minne mpaka miguu ilipoanza kumvimba kwa kusimama. Kazini tunamwita Mama Nywele. Ripoti zetu zikichapishwa, majina yanayoandikwa juu ni ya sisi wenye vyeti. Basi haya ni yake.

Maabara ni jina la heshima tu. Ni vyumba viwili nyuma ya ofisi: kimoja kina sinki na bomba linalopiga chafya kabla ya kutoa maji, kingine kina meza dirishani na hadubini moja ambayo kirungu chake cha kurekebishia kimefungwa kwa mpira wa chupi. Sisi vijana huzunguka kilima kilicho nyuma ya mji, tunaokota kinyesi cha chui, tunakitia kwenye bahasha za kaki na kuandika namba, tarehe na mahali. Mama Nywele hukitumbukiza kwenye soksi ndefu ya nailoni, hufunga fundo, huloweka kwenye maji ya sabuni, hukamua mpaka maji yatoke meupe. Kinachobaki ni vipande vya mifupa, kwato, na nywele. Nywele ndizo zinazosema chui alikula nani.

Siku yangu ya kwanza nilimwomba anipatie sampuli.

"Sampuli ndiyo nini?"

"Kile kinyesi, Mama."

"Sema mavi, mwanangu. Hayawezi kukusikia."

Zamani unywele ulipigwa chapa kwenye kioo kwa dawa iliyoagizwa mbali, na ilipochelewa kazi ililala miezi. Mama Nywele alikifungua kichupa kilichobaki, akakinusa, akauliza, "Hii si rangi ya kucha tu?" Kesho yake akaja na kichupa cha rangi isiyo na rangi kutoka saluni alikokuwa akifanya kazi. Unapaka kioo, unalaza unywele, unasubiri rangi ikauke, unaubandua. Magamba ya unywele yanabaki pale yakionekana kama vigae juu ya paa. Mpaka leo tunatumia rangi ya kucha. Kwenye ripoti imeandikwa "mbinu iliyoboreshwa na watafiti".

Sasa nije kwenye ile Alhamisi.

Kilimani kuna chui jike. Kamera tulizofunga mitini zilimpiga picha mara nyingi, za mwisho akiwa na watoto wawili wanaomfuata nyuma. Chini ya kilima kuna watu wenye mbuzi, na mbuzi walikuwa wanapotea. Kamati ya kata ikatuuliza swali moja: chui huyu anakula nini hasa? Jibu letu lingeamua kama ategwe na kuuawa, au aachwe. Mume wa Mama Nywele, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa ameshaunda mtego: kizimba cha nondo chenye mlango wa kudondoka. Yeye naye alikuwa na mbuzi, na kila jioni alikuwa na neno la kumkaribisha nalo mkewe. "Mwizi anakula kwangu," alimwambia siku moja mbele yangu, "halafu mke wangu anakwenda kumfulia."

Wakati huo mimi nilikuwa kilimani wiki mbili nikibadilisha kadi za kamera. Niliporudi Alhamisi asubuhi, nikaikuta ripoti mezani, imeshachapwa makao makuu na nakala imeshafika kwa kamati. Kikao kilikuwa saa nane mchana siku ileile. Nikaisoma nimesimama, kisha nikaenda kwenye sinki.

"Mbuzi kumi na tisa," nikasema. "Kati ya bahasha arobaini. Mama, tumekwisha."

Hakuinua kichwa. Alikuwa anakamua soksi.

"Mbuzi wa nani?"

"Wa watu. Chui wetu kala mbuzi wa watu."

"Nauliza mbuzi wa nani, kwa sababu mimi sijaosha mbuzi kumi na tisa."

"Imeandikwa, Mama."

"Nani kaandika?"

Akajifuta mikono kwenye aproni, akavuta droo ambamo hutunza vikunjo vya karatasi, kila kimoja na nywele zake na namba yake. Akachomoa namba saba. Akaniambia nisome fomu ya namba saba.

"MB," nikasoma.

"Maana yake?"

"Hapa ripoti inasema mbuzi."

Akafungua kikunjo, akaweka unywele chini ya hadubini, akanisukumia kiti. Unywele ulikuwa mwekundu wa kahawia, na kiini chake kipana kiasi cha kuujaza karibu wote. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angejua. Ulikuwa wa mbawala, yule swala wa vichakani.

Nikaitazama tena fomu. Mwandiko ulikuwa wangu. Tulipofanya kazi, yeye alitazama na kutaja, mimi niliandika kwa kifupi ili niwahi mwendo wake. MB nilimaanisha mbawala. Mbuzi nilimwandikia MZ. Fomu nilizituma makao makuu bila kuzijumlisha, wala sikuandika ufunguo popote, kwa sababu kichwani mwangu ilikuwa wazi kama mchana.

Nikampigia simu mtu wa takwimu makao makuu, mtu ambaye hajawahi kuona mbawala hata kwenye kalenda.

"Sasa MB ingekuwa nini kingine, kaka?" akaniuliza. "Mbu?"

"Na MZ uliiweka wapi?"

"Si mzoga? Nimeandika alikula mizoga mitatu."

Nilipomweleza Mama Nywele, alicheka mpaka akashika ukingo wa sinki. "Mzoga," akasema. "Kwa hiyo mbuzi wangu kawa mzoga."

"Mbuzi wako?"

Akaacha kucheka. Akachomoa namba thelathini na moja, akaifungua taratibu. Nywele nyeupe, na chache nyeusi katikati yake.

"Huyu alikuwa na doa ubavuni. Nilimkamua kwenye soksi nikamjua kabla sijamfikisha mezani. Nimesuka vichwa vya watu miaka kumi na minne, nitashindwa kujua nywele za mbuzi wangu?"

"Mbona hukusema?"

"Ungeniambia nikapumzike. Nani angeosha zilizobaki?"

Ninaona haya kuandika nilichofanya baada ya hapo, lakini nitakiandika. Niliona picha ya wale watoto wawili wa chui na nikaona njia fupi. "Mama," nikasema, "tukifika kule tuseme mbawala kumi na tisa tu. Hao mbuzi watatu tuwaache. Tayari wameitwa mizoga, wabaki mizoga. Watu wakisikia mbuzi hata mmoja, wanamuua."

Alinitazama kama mtu aliyekuta inzi kwenye chai.

"Mimi mume wangu ananidhihaki kila siku kwa kazi hii. Naivumilia kwa sababu nikitoka hapa najua nilichokiona. Unataka na hilo uninyang'anye?"

Hotuba zangu zote nne zilikuwa zinahusu watu wengine wanaodanganya.

Saa nane tulikuwa ofisi ya kata, chumba kilichojaa viti vya plastiki na watu wenye hasira halali. Mume wa Mama Nywele alikaa mbele, mikono yake ina alama za cheche. Mwenyekiti akasema ripoti wameisoma, kinachobaki ni kupanga siku ya kutega. Nikasimama, nikasema ripoti ina kosa na kosa ni langu. Nikaeleza MB na MZ. Watu wakacheka, na walikuwa na haki.

"Kwa hiyo msomi hajui kuandika mbuzi," mmoja akasema kutoka nyuma.

"Anajua," Mama Nywele akajibu akiinuka. "Ana haraka tu."

"Wakili wa chui huyo, kasimama," mumewe akasema, na kicheko kikazidi.

Mama Nywele akasubiri kiishe. Akapanga vikunjo kwenye meza ya mwenyekiti. "Hizi kumi na tisa ni mbawala. Hizi kumi na moja ni pimbi. Hizi saba ni panya na kima. Anayetaka kuangalia aje, hadubini nimeibeba." Kisha akaweka vitatu pembeni. "Na hawa watatu ni mbuzi. Sitawaambia si mbuzi. Huyu mmoja ni wetu, baba watoto. Yule mwenye doa."

Mumewe akainuka, akaja mezani, akainama juu ya kikunjo. Hakugusa. Mwenyekiti alipokohoa, akarudi kitini.

"Mazizi yote yaliyopotelewa na mbuzi nimeyaona, hayana milango," Mama Nywele akaendelea. "Kuanzia letu. Mimi mwenyewe nilikuwa nazibia kwa gunia."

Wakabishana saa nzima. Mwisho mwenyekiti akatangaza mtego usiwekwe, mazizi yafungwe kwanza, na habari iangaliwe tena baada ya miezi sita. Miezi sita si ushindi. Lakini baada ya miezi sita wale watoto wa chui watakuwa wameshaanza kuwinda na mama yao.

Mumewe alitoka bila kumsubiri. Nilimwona Mama Nywele akifunga hadubini kwenye kitambaa chake, akivuta fundo mara mbili, na nikajua hafikirii chui. Alikuwa amemuumbua mumewe mbele ya mtaa mzima, naye alikuwa anarudi nyumba ileile.

Sikupata amani. Asubuhi iliyofuata, kabla ya kazi, nikaenda kwao niwaombe radhi wote wawili. Nilisikia mashine ya kukatia chuma tangu kona ya mtaa. Fundi alikuwa amepiga goti uani, miwani ya kazi usoni, anakata ule mtego aliouunda. Mlango wa kudondoka ulikuwa umeshatoka, umeegemezwa kwenye zizi, na Mama Nywele alikuwa anaupima kwa hatua za mguu wake uliovimba.

"Shikamoo, fundi," nikasema.

"Marahaba, Emu-Bii." Akazima mashine. "Njoo ushike huku juu, nipige bawaba. Mama Nywele anasema mlango unyooke, na kwa mambo ya kupima mimi simbishii tena."

Nikashika. Mbuzi wanne waliobaki walikuwa wanatutazama kutoka ndani, wakitafuna.