Gemu ya Wenye Debe

Jumamosi nilijibanza kwenye kibanda cha gemu hapa Mbinga mjini nikisubiri mvua ikatike. Vijana wawili walikuwa wakiiponda sehemu ya pili ya gemu moja ya kutisha.

"Ya kwanza ulikuwa na bunduki," mmoja akasema. "Hii unajificha tu na tochi. Wameiharibu."

Aliyekuwa akiicheza ni mama wa makamo kutoka Liparamba, anayesubiri gari la kurudi kwao. Mwenye kibanda akamwambia, "Mama, nikuwekee ya kwanza?"

"Nimeshaimaliza. Haikunitisha hata mara moja."

Kwenye skrini likatokea jitu. Mama hakukimbia. Alizima tochi, akarudi nyuma taratibu bila kuligeuzia mgongo, akaingia chini ya meza. Jitu likapita. Vijana wakasogea karibu na skrini.

"Tembo wakiingia kwenye mahindi yetu, wanangu, nani ana bunduki?" akauliza, macho kwenye skrini. "Mimi nina debe la kupiga na miguu ya kukimbilia. Na mvua zikianza napanda palepale."

"Sasa raha iko wapi, mama?"

"Kwamba limenitafuta na halijanipata."

Wanaolalamika kwamba sehemu ya pili imewanyang'anya nguvu wana haki yao; wabaki na bunduki zao. Sisi wenye debe, maana hata mimi bunduki sina, tumepata gemu yetu, na hatuombi radhi.

Mvua ilikatika. Sikuondoka, nilipanga foleni ya kuicheza, nyuma ya wale vijana wawili.