Yeslam Alikuwa na Kwao

Ndugu yangu Yeslam alikufa kwa kifua katika mvua za Mei, kijana mbichi, Mungu amrehemu. Watu wananiambia ni kudra. Kudra ni ya Mungu. Kufunga mlango ni kazi ya watu.

Wazazi wetu walipofariki tulilelewa na ami yetu, Abdulhadi, nyumbani kwake Mji wa Kale. Yeslam akaingia kwenye unga wa kulevya, ami akamfukuza nyumbani. Hata alipouacha, mlango haukufunguka. Alilala kwenye baraza za wauza vinyago karibu na Ngome ya Yesu. Asubuhi akiwapangia bidhaa, nao wakimpa chai na mahamri.

"Nyumba yangu kubwa kuliko yenu, Duha," akinitania. "Nimejengewa na Mreno."

Kisha serikali ikaleta mpango wa kuwatoa vijana barabarani: kitanda bwenini na mafunzo ya kuchomelea vyuma. Yeslam aliutaka kama mwenye swaumu anavyotaka maji. Sharti lilikuwa moja, kijana awe hana kwao. Afisa aitwaye Kavumbi akaja naye kuhakikisha.

Ami alimkaribisha afisa kwa kahawa na halwa. Yeslam akaachwa amesimama nje ya kizingiti.

"Mzee, kijana huyu ana pa kulala?"

"Astaghfirullahi! Mtoto wa nyumba hii akalale kwa serikali? Hapa ndipo kwao. Chumba chake kile juu."

Nilitoka nyuma ya pazia. "Ami, mwogope Mungu! Chumba kile umejaza magunia ya mchele."

"Ingia ndani, huna haya! Waniaibisha mbele ya mgeni?"

Kavumbi alicheka, halwa ingali mdomoni. "Dada, mzee ameshasema. Serikali haimnyang'anyi mtu mwanawe."

Akatoka, akampiga Yeslam begani. "Kijana, shukuru. Una watu."

Afisa hakugeuka kutazama mlango ukifungwa mbele ya Yeslam. Baadaye tuliwasikia watu wa serikali redioni wakijisifu kwamba vijana wengi wamerudishwa kwa jamaa zao. Yeslam alirudishwa kwenye baraza ile ile, kwenye mvua.

Wauza vinyago ndio waliompeleka hospitali, na ndio waliokwenda kuichukua maiti. Ami aliwaagiza wailete nyumbani: jeneza lisipotoka kwake, watu watasemaje? Gari lilipofika nilikuwa nimekaa kizingitini.

"Duha, ondoka hapo! Mtoto hutoka kwao."

"Ulimfungia akiwa hai, ami. Hutamfungulia maiti."

"Wamzuia ndugu yako?"

"Nakuzuia wewe."

Salem, mkubwa wa wauza vinyago, akaniuliza kwa upole, "Sasa twende naye wapi, dada?"

"Msikitini."

Huko akaoshwa, akakafiniwa, akasaliwa, na jeneza likatoka katika nyumba ya Mwenyezi Mungu. Ami anasema nimemvunjia heshima yake mbele ya mji mzima. Kila nikisali namwomba Mola isiungike tena.