Mtoto Aliyetulia Mno

Mtaani walimwita Mama Kimya, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Mwanawe wa pekee hasikii. Jirani mmoja alimpachika jina hilo kwenye foleni ya maji, wenzake wakacheka, na yeye akacheka nao. Kisha akarudi nyumbani akakaa wiki tatu bila kumsalimia hata mmoja wao. Baadaye, alipoanza kazi ya kupiga picha za watoto wachanga na familia zao, alilichukua jina lile lile akaliandika mlangoni kwa rangi nyekundu: PICHA ZA MAMA KIMYA. Wateja wa mbali walidhani ni kwa sababu anafanya kazi taratibu, asiwaamshe watoto. Hakuwasahihisha.

Kimya chenyewe hakuwa nacho. Ulimi wake ulikuwa wembe, na aliyeunoa ni mama mkwe wake.

Mwanawe alizaliwa salama. Siku ya tatu ngozi ikaanza kuwa ya manjano, na mtoto akawa mtu wa kulala tu. Hata ziwa alilishika kwa kubembelezwa. Mama mkwe, ambaye waliishi nyumbani kwake, alisema hiyo ndiyo rangi ya ukoo wao, na kwamba anayekwenda hospitali bila sababu huenda kujitafutia ugonjwa. Mume, fundi magari, hakutaka ugomvi na mama yake. Alikwenda kulala chini ya gari la mteja mchana kutwa. Walipofika hospitali ilikuwa siku ya tisa. Daktari aliwaambia ule umanjano ulikuwa umekwisha kupanda hadi kwenye ubongo. Mtoto aliishi, akatembea, akacheka, lakini masikio yake hayakufunguka.

Alipokuwa na miaka miwili, mama yake alizitafuta picha ambazo mume alimpiga kwa simu wiki ile ya kwanza. Zilikuwa kumi na saba. Katika kila moja mtoto alikuwa wa manjano juu ya shuka jeupe, na ndugu waliotumiwa walikuwa wamejibu kwamba ana rangi nzuri.

Tangu siku hiyo hakutulia. Aliacha kazi ya kuchapa barua ofisini, akauza cherehani yake, akanunua kamera iliyotumika. Alijifunza kwa mzee mmoja wa picha za pasipoti ambaye hakutaka mwanafunzi na alimwambia hivyo kila asubuhi. Mzee huyo alimfundisha jambo moja vizuri: weka karatasi nyeupe kwenye mwanga, iambie kamera hii ndiyo nyeupe, ndipo uanze kuziamini rangi nyingine.

Studio ilikuwa sebule ya mama mkwe. Mume ndiye aliyeiomba kwa niaba yake, na mama mkwe alikubali kwa mdomo tu. Mtoto wa mteja akishalala, kamba ya pazia imeshafungwa, chumba kimepashwa joto, bibi huyo angekatisha katikati kwenda kuchota maji ambayo hayahitaji. Wanawake hao wawili walikuwa wameacha kusemezana. Chakula kikiwa mezani, mmoja angesema, "Mwambie mama yako mlango una kitasa," na mwingine, "Mwambie mkeo nyumba ina mwenyewe," na fundi magari, aliyekaa katikati, hakumwambia mtu kitu.

Pamoja na hayo, kazi ilishika. Alijua kumfunga mtoto kitambaa asifurukute, kumlaza ubavu bila kumkunja shingo, kuwasubiri baba wenye haya mpaka wasahau kamera. Watu walimvumilia ukali wake kwa sababu ya picha.

Ndipo akaitwa nyumbani kwa mwenye duka la viatu. Mtoto wao wa kwanza, wa kike, alikuwa na siku sita. Mama mzazi wa mwenye duka, bibi wa mtoto, alikuwa amepanga kila kitu: kitanda kidogo cha miti, mashuka meupe yaliyopigwa pasi, viatu vya sufu ambavyo mtoto angevivaa baada ya mwaka. Alimpokea Mama Kimya mlangoni, akamwangalia viatu vyake kwanza, uso baadaye.

"Una bahati," alimwambia. "Huyu wetu ni mtulivu. Tangu juzi hajalia."

 Mama Kimya alimlaza mtoto juu ya shuka, akapima rangi kwa karatasi yake, akapiga picha mbili. Shuka lilitoka jeupe. Mtoto alitoka wa manjano, uso, kifua, hata nyayo. Alimbonyeza paji la uso kwa kidole. Palipobonyezwa pakaacha alama ya manjano. Alimkuna unyayo. Mtoto hakujikunja.

Alimgeukia mama wa mtoto, msichana aliyekaa ukingoni mwa kitanda akiwa bado hawezi kukaa sawasawa, akamuuliza ananyonya mara ngapi. Kabla hajajibu, bibi alijibu yeye: mtoto analala, akiamka atanyonya. Mama Kimya akamtolea uvivu. Alisema mtoto ni mgonjwa, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, picha baadaye.

"Umeitwa kupiga picha au kupima watu?" bibi aliuliza.

"Nimeitwa kumtazama mtoto. Nimemtazama."

"Wa kwako ulimtazama?" Habari za mtaani zilikuwa zimemfikia. "Mwenye kiziwi nyumbani anakuja kututafutia kiziwi wa pili hapa. Toka."

Mwenye duka aliingia aliposikia kelele, akamshika Mama Kimya mkono wa juu, akamsukuma mpaka barazani. Hapo Mama Kimya alijinasua, akampandishia kamera usoni.

"Hizi picha sizifuti," alisema. "Zina siku na saa. Mtoto huyu akiharibika, nitamwonyesha kila anayepita dukani kwako kwamba uliambiwa saa nne na dakika ishirini."

Hakuwa amesema jambo baya kama hilo kwa mteja maishani mwake, na alilisema mbele ya majirani watatu. Mwenye duka alifura. Akamwambia kwamba wanakwenda hospitali, sasa hivi, na wakirudi na mtoto mzima atampeleka polisi kwa kashfa. Akamtoa mkewe na mtoto, akawatia garini. Bibi alibaki mlangoni, akamwagia Mama Kimya kila neno alilolijua.

Mtoto alilazwa siku nane. Aliwekwa chini ya taa za buluu, na usiku huo huo wakambadilisha damu. Daktari alisema wangechelewa hadi kesho yake angezungumza nao mengine.

Hakuna aliyekuja kushukuru. Bibi alieneza mtaa mzima kwamba mtoto alikuwa mzima mpaka mwanamke yule alipomwelekezea taa zake, na kwamba kinywa chake kina mkosi. Kwa miezi mitatu hakuna mtu aliyegonga ule mlango wenye maandishi mekundu. Mama mkwe alivirudisha viti vyake sebuleni, kimoja baada ya kingine.

Mwezi wa nne alikuja msichana yule, peke yake, mtoto mgongoni. Alisema amekuja kwa siri. Alitaka zile picha mbili, na alitaka zisafishwe, mtoto aonekane wa kawaida.

"Rangi yake siigusi," alisema Mama Kimya. "Chukua kama zilivyo au ziache."

Msichana alilia, kisha akakasirika, kisha akauliza, "Dada, ulijuaje?"

Mama Kimya akamweleza habari za mwanawe, zile siku tisa zote, jambo ambalo hakuwahi kumweleza mgeni. Msichana akauliza nani aliyewaambia wasubiri.

"Yuko chumba cha pili. Anakusikia."

Mama mkwe alitokea. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne alimsemesha mkwewe moja kwa moja.

"Nilisema," alikiri. "Lakini mimi nilikuwa bibi yake. Wewe ndiye mama. Miguu ulikuwa nayo."

 Mama Kimya alimpa msichana picha zake, akafunga mlango, akakaa chini sakafuni na kamera mapajani mpaka mwanawe aliporudi kutoka shule.

Mwezi huo huo alihama na mwanawe, akapanga chumba chenye dirisha kubwa juu ya duka la fundi saa. Mume huja Jumamosi na Jumapili, siku nyingine yuko kwa mama yake. Mama mkwe hajakanyaga huko, wala hajaalikwa. Wateja walirudi kidogo kidogo, wengi wakiletwa na wakunga ambao hawasemi ni kwa nini. Kabla ya kufungua begi la kamera Mama Kimya humvua mtoto nguo zote, akamtazama kwenye mwanga wa mchana, akamuuliza mama maswali yasiyopendeza. Anayekataa humwonyesha ngazi. Juzi baba mmoja alimwambia ana roho ya askari. Mama Kimya alimwambia amshike mtoto vizuri na asogee karibu na dirisha.