Wadudu wa Chini ya Mikorosho

Juzi mwanangu kanunua chakula cha samaki wake wa kwenye tangi la kioo. Kopo limeandikwa kwamba kimetengenezwa kwa wadudu waliokaushwa. Nilifungua, nikanusa, nikalifunga upesi. Acha nikusimulie, maana nimechoka kukaa na jambo hili.

Nilikuwa na miaka kumi, tunaishi Mtwara mjini, karibu na bandari. Jirani yetu, mwalimu aliyefiwa na mume, alikuwa na samaki wanne wa rangi ya machungwa. Mumewe ndiye aliyewaleta. Watoto hakujaliwa, basi kila jioni alikaa anaongea nao, harufu ya maharage yake ya nazi ikitufikia uani. Alipokwenda Dar kutibiwa macho alinikabidhi ufunguo na kopo la chakula.

"Kidogo tu, asubuhi na jioni," alisema. "Sina wengine, mama."

Mimi na kiherehere changu nikawalisha kila nilipopita. Wiki haikuisha, kopo tupu, na kusema niliogopa.

Jumamosi nikapelekwa Nanyamba kwa bibi. Bibi alipata kuniambia samaki wa mtoni hula wadudu, nikaona nimeokoka. Chini ya mikorosho niliwakuta panzi wamelala chali, wengine wakitikisa miguu kivivu. Siku zote panzi utamkimbiza mpaka uchoke. Siku ile niliwaokota kama korosho. Kuku wa bibi walikuwa wamefungiwa bandani, wanapiga kelele, wala sikujiuliza kwa nini. Nikawaanika wale panzi juani, nikawatwanga, Jumapili nikarudi nao mjini. Samaki walikula kwa fujo. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Sijamaliza hata kufua sare za shule, mama akaniita, simu iko sikioni.

"Bibi yako anasema kama ulibeba wadudu, usiwape kuku. Mikorosho ilipuliziwa dawa Ijumaa."

"Nimeshawatupa," nikasema.

Nilikimbia kwa mwalimu. Samaki walikuwa juu ya maji, midomo wazi, mmoja ameshalala ubavu. Nikateka ndoo baada ya ndoo bombani, nikibadilisha maji, nasali sala zote ninazozijua. Kabla ya magharibi wote wanne walikuwa wanaelea.

Mwalimu alirudi Alhamisi, jicho moja lina bandeji, mkononi viatu vipya vya shule, zawadi yangu. Nilimwambia nilibadilisha maji, wakafa. Hilo tu. Akaligusa tangi.

"Kosa langu," alisema. "Maji ya bomba hulazwa siku mbili kwanza, dawa ya kusafishia itoke. Marehemu alinionya, nami nikasahau kukwambia."

Akanivisha vile viatu, akafunga mikanda mwenyewe, akanishukuru. Nilinyamaza. Nikanyamaza alipouza tangi, nikanyamaza alipohamia kwa ndugu zake.

Nyumba ile imevunjwa, pamejengwa ghala. Bibi hayupo, mikorosho yake imekatwa. Mwaka jana nikasikia mwalimu naye amefariki. Kwa alivyojua yeye, ni yeye aliyewaua samaki wa mumewe, na hivyo ndivyo alivyozikwa.