Sauti Waliyoijua Maksai

Nilipojiandikisha kwenye shindano la kulima kwa ng'ombe, jirani yangu alinicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Sikumlaumu. Kila mtu huku kwetu Lugari alilima kwa watu watatu: mtoto mbele akivuta kamba, mwingine kando na kiboko, na mtu mzima nyuma ameshika plau. Mimi nilikuwa mtu mmoja. Mzee huyo akaniuliza ng'ombe wangu wataongozwa na nani. Nikamwambia nitawaongoza mwenyewe, kwa mdomo. Akacheka upya.

Ilikuwa miaka ile ya kwanza ya uhuru. Wazungu walikuwa wameondoka, mashamba yao yamekatwa vipande, nasi tuliotoka huku na huku tukagawiwa tulime mahindi. Mume wangu alinitoa Khwisero, mahali ambapo ukikohoa jirani anakuuliza umekuwaje, akanileta kwenye ardhi pana ambako nyumba ya karibu niliijua kwa moshi wake tu. Tulilima pamoja msimu mmoja. Halafu akasema anakwenda Nairobi kutafuta kazi, atarudi wakati wa kuvuna. Mahindi yakakauka, nikavuna peke yangu, nikapukuchua peke yangu, na yeye kimya. Watu wakiniuliza, nilisema yuko kazini na anawasalimia sana. Nilikuwa mwepesi wa jibu hilo, hata kabla mtu hajamaliza kuuliza.

Plau hatukuwa nayo. Niliazima ya mzee huyohuyo, mwenye wake wawili na watoto wa kutosha. Alinipa bila kinyongo, lakini baada ya kumaliza kwake, na hiyo ilikuwa haki yake. Ila mvua haingojei mtu. Misimu miwili nilipanda wa mwisho, na mahindi yangu yakatoka mafupi, ya manjano, ya kutia aibu mbele ya mahindi ya wenzangu. Ofisa wa makazi alisimama mpakani, akatikisa kichwa, akaniambia kwa upole kwamba nikipata msimu mwingine kama huo, shamba litapewa mtu mwenye nguvu za kulilima. Upole wake ndio ulioniudhi. Angenifokea ningejua la kumjibu.

Kwa hiyo tulipotangaziwa barazani kwamba mshindi atapewa plau mpya, mimi sikusikia jambo lingine siku hiyo. Nikiwa na plau yangu ningepanda kwa wakati, na nikipanda kwa wakati ningebaki na shamba. Nikikosa, ningerudi Khwisero na mzigo kichwani. Nirudi niseme nini?

Sasa nieleze hiyo habari ya mdomo. Mwanzoni maksai wangu wawili, mwekundu na mweusi, walinisumbua sana. Bila mtu wa kutangulia mbele walikwenda watakako, na mifuo yangu, ile mistari ya plau, ikapinda kama njia ya mlevi. Niliwapiga, nikalia, nikawatukana matusi ambayo mama yangu hakujua kwamba nayajua. Halafu siku moja nilichoka kupiga kelele, nikaanza kuongea tu. Niliongea taratibu, kwa lugha yetu ya nyumbani, nikiwaambia kwamba chumvi imeisha na mgongo unaniuma. Wakaenda. Nikinyamaza, walisimama, wakageuza shingo kunitazama. Nikiendelea, nao waliendelea, sawa kama waliopigiwa kamba. Kumbe walikuwa wanafuata sauti.

Basi nikawa mtu wa kuongea kutwa. Mtu mzima, na akili zangu timamu, napiga soga na ng'ombe. Niliwaambia nimeota nini, nimepika nini, nani amenipita njiani bila kunisalimu. Ilipofika jioni nilikuwa nimemaliza maneno yote ya siku, na usiku niliingia ndani ya nyumba nikiwa bubu.

Msimu wa pili dada mmoja wa ukoo wetu alipitia kwangu akitoka soko la Shianda. Aliniambia mume wangu hakuwahi kufika Nairobi. Yuko Mayoni, analima miwa, ana nyumba, ana mke, na mtoto ameshaanza kutambaa. Nilimshukuru, nikampa mahindi ya kubeba, nikamsindikiza. Mayoni! Si mbali hata kidogo. Kama angetaka kuja kuniambia mwenyewe, angefika kwa baiskeli. Habari hiyo sikumwambia mtu yeyote. Watu niliendelea kuwapa salamu zake. Maksai ndio niliowaambia, kila siku, mfuo baada ya mfuo, mpaka ikawa ndiyo hadithi yetu.

Siku ya shindano niliwaosha, nikawafunga nira, tukaenda. Uwanja ulikuwa sehemu ya shamba la zamani la Mzungu, na watu walikuwa wamekaa kwenye tuta kando yake, wanaume, wanawake, watoto, wengi kuliko niliowaona kwa mwaka mzima. Kila mshindani alipewa kipande chake kilichopimwa kwa vigingi vya mbao, na plau ya kutumia. Waamuzi walikuwa na kamba ya kupima kama mfuo umenyooka. Upande wangu wa kulia alikuwa mwanamume aliyewahi kumlimia yule Mzungu kwa miaka mingi. Alikuwa amewapa watu mgongo. Aliikagua minyororo, akagusa kila kifundo, akavuta pumzi ndefu, akatazama kile kigingi cha mwisho wa kipande chake kana kwamba hakuna kitu kingine duniani.

Mimi niliwatazama watu. Hapo ndipo nilipoharibu. Niliona wanawake ninaokutana nao kisimani, nikamwona ofisa, nikamwona jirani yangu ametia mikono kiunoni akingoja kucheka. Viganja vikaloa jasho mpaka mishikio ya plau ikateleza. Na kilichonishika zaidi ya woga kilikuwa haya. Niliwaza, nitaongeaje na ng'ombe mbele ya umati huu? Watasema upweke umenipasua kichwa. Nikaamua kufanya kama wanaume.

Filimbi ilipolia nilipiga ukelele. Sikuijua sauti iliyonitoka, ilikuwa nyembamba na kali. Maksai nao hawakuijua. Mwekundu aliruka upande, mweusi akarudi nyuma, plau ikaruka juu ya ardhi bila kukata kitu. Nikapiga kelele zaidi. Mfuo wa kwanza ulikwenda upogo, watu wakacheka. Wa pili ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza, na mtu mmoja akasema kwa sauti kwamba mama huyu anatafuta mume wake shambani. Wakacheka sana. Aliyesema hakujua kitu, alikuwa anatania tu, lakini mimi nilihisi damu ikinipanda mpaka masikioni.

Mwanzoni mwa mfuo wa tatu maksai waligoma. Mwamuzi mmoja akanijia, akaniambia wasipoondoka sasa atanitoa, nipishe wenzangu wasisumbuliwe.

Nilimsikia, lakini nilikuwa naona mahindi ya manjano. Niliona mtu mwingine, mwenye nguvu, akifungua mlango wa nyumba yangu. Nikaacha mishikio nikaenda mbele, nikaweka mkono juu ya shingo ya mwekundu. Alikuwa anatetemeka. Ng'ombe mzima, anatetemeka! Nilijua basi kwamba ule woga ulikuwa wangu, na ulipita kwenye sauti yangu ukawaingia. Walikuwa wakiendeshwa na mtu wasiyemjua.

Nikarudi nyuma, nikashika, nikaanza kuwaambia habari ya chumvi. Hawakusogea. Nikasema habari ya mgongo. Hawakusogea. Sauti ilikuwa ya chini, ndiyo, lakini ilikuwa ya kuigiza, na mtu anaweza kuwadanganya majirani miaka, si wanyama anaolima nao. Nilikuwa na habari moja tu ambayo siku zote ilitoka kwa sauti yangu halisi. Nikapiga moyo konde.

"Hakwenda Nairobi," nikawaambia. "Yuko Mayoni. Ana mke huko, ana mtoto. Mimi ndiye nimebaki hapa nikiwapa watu salamu zake."

Masikio ya mweusi yakageuka. Mnyororo ukakaza. Wakaenda.

Sikuthubutu kunyamaza. Nililima mfuo wa tatu nikisimulia jinsi alivyofunga sanduku lake asubuhi ile, akaacha koti ili niamini atarudi. Kwenye wa nne niliwaambia jinsi ninavyopika ugali wa watu wawili, kwa mazoea, halafu nautupa. Wale watu kwenye tuta walikuwa wa kutoka Uluhyani kote, na lugha zetu ni ndugu, hakuna aliyepitwa na neno. Kicheko kilikuwa kimekatika zamani. Nikageuka mwisho wa kipande, nikarudi, nikageuka tena. Woga ulikuwa umeniisha, maana kitu nilichokuwa nikikificha kilikuwa kimeshatoka, na sikuwa na kingine cha kuogopea. Nilikuwa natazama kigingi cha mwisho wa kipande changu tu. Udongo ulilala upande mmoja, mweusi, laini.

Waamuzi walipopita na kamba yao, walikaa kwenye kipande changu muda mrefu. Wakazungumza kando. Kisha aliyetaka kunitoa alinifuata, akavua kofia.

"Mama, ungeanza ulivyomaliza, plau ingekuwa yako."

Plau alipewa yule mwanamume wa kulia. Alistahili, mifuo yake yote ilikuwa sawa tangu wa kwanza. Mimi nilipewa blanketi. Nilitaka kumrushia mtu usoni, sijui nani. Kwa mifuo miwili! Kwa mifuo miwili niliyolima kwa sauti ya kuazima, shamba langu lilikuwa limekwenda. Wanawake wa kisimani walinizunguka, wakanishika mikono, wakaniambia pole, pole sana, na kila pole ilinichoma. Niliwavuta maksai wangu nikaondoka.

Mvua za kwanza ziliponyesha, nilikuwa nimekaa mlangoni nikihesabu moyoni nani ataanza, nani atafuata, na mimi nitafikiwa lini, nilipomwona jirani yangu akiingia uani kwangu. Alikuja na plau, wake zake wote wawili, na watoto wao. Hakucheka. Hakunitazama vizuri usoni. Alisema, "Mwaka huu tunaanza kwako," akapita moja kwa moja hadi zizini.

Sikuwa na kiburi cha kukataa. Nilimfungulia.

Walifanya kazi kama inavyotakiwa kufanywa. Binti mmoja alishika kamba akatangulia, mwingine akapita kando na kiboko, mzee mwenyewe akashika mishikio. Mimi nilienda nyuma kuwaambia maksai neno, mzee akaniambia kwa heshima nipumzike, mama, nimeteseka vya kutosha. Nikasimama ukingoni. Maksai waligeuza shingo mara moja kunitafuta, binti akavuta kamba, wakaenda. Walikwenda sawa. Kufikia jua la saa kumi shamba lote lilikuwa limegeuzwa, na hakuna aliyekuwa amesema kitu isipokuwa "haya" na "simama".

Walikunywa chai, wakashukuru, wakaenda zao. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa kila msimu baadaye: walikuja, wakalima, wakanionea huruma, wakaondoka, na maksai wakazoea kufuata kamba badala ya sauti yangu. Ofisa hakurudi tena mpakani kwangu. Shamba ni langu mpaka leo. Mwaka ule mahindi yangu yaliota mapema kuliko ya mtu yeyote, ya kijani kibichi, nikawa wa kwanza kupalilia, na sikuwa na wa kumwambia.