Bunduki Bega la Kushoto

Siku yangu ya kwanza jeshini niligombezwa kwa sababu ya adabu. Usicheke, Kabula mjukuu wangu, wewe unayeondoka wiki ijayo kwenda mafunzoni, nawe ndiye ninayekuandikia haya, pamoja na wenzako watakaopenda kusoma. Nilitoka hapa Bariadi nikiwa kuruta, yaani askari anayefundishwa ambaye bado hajala kiapo. Tuliposhuka kwenye lori, koplo mmoja akaja kunisemesha. Mimi, kama nilivyolelewa, nikainamisha kichwa, macho chini, nikamwamkia taratibu. Akafoka: "Wewe! Unatafuta nini huko chini, umeangusha sindano? Nitazame!" Mama yangu! Kwetu kumkazia macho mtu aliyekuzidi ni kukosa adabu, na pale kutomtazama ndilo likawa kosa. Baadaye sana nilielewa kwamba yule koplo hakunichukia. Alitaka kujua kama nimemsikia.

Tulifundishwa kwata, ambayo ni namna ya kusimama, kugeuka na kutembea kwa amri, hata ukaota usingizini "mguu sawa, mguu pande". Nilikula kiapo, nikapelekwa kikosi cha mpakani, nikavaa ukoplo, kisha nikarudishwa kambi ya mafunzo kuwa mkufunzi. Hiyo kazi niliipenda gete, kweli kweli. Kumpokea kijana anayejikwaa kwenye kamba za viatu vyake mwenyewe, ukamwona siku ya gwaride amenyooka, hiyo ni raha ambayo sijui niifananishe na nini.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara huria ilipofunguliwa. Maduka yamejaa, mitumba imejaa, na huku kwetu Bariadi wanunuzi binafsi wa pamba walianza kuingia vijijini na malori na mizani zao. Nikija likizo, vijana wa rika langu walinitania: "Ngasa, bado unaimba mchakamchaka tu? Njoo tununue pamba!" Wengine walifanikiwa kweli, sitasema uongo, na niliona wivu kidogo. Lakini likizo ikiisha nilikuwa napiga pasi gwanda langu mapema kuliko ilivyohitajika.

Kundi moja la mwaka huo lilikuja na kijana wa Mwamapalala aliyeitwa Maduhu. Mrefu, mweusi wa jua, mchunga ng'ombe tangu utotoni. Baba yake hakutaka aje, maana ndiye aliyekuwa akitegemewa na mifugo. Walipoagana alimwambia mbele ya watu: "Nenda. Lakini ukishindwa huko, usirudi kwenye kaya yangu." Maduhu alinisimulia hayo kwa Kisukuma siku moja tukifua nguo, akijifanya anacheka. Nilimwona, hacheki.

Mbio aliziweza, kwata aliiweza, mzigo aliubeba bila kulalamika. Tatizo lilikuwa shabaha. Nikueleze kidogo maana utaikuta. Unalala kifudifudi, kitako cha bunduki unakibana begani, unafumba jicho moja na kwa lile jingine unapanga kilengeo cha nyuma na cha mbele viwe mstari mmoja na unachokilenga. Unatoa pumzi nusu, unatulia, kisha unavuta kidole polepole. Ukivuta kwa hasira, risasi inakwenda inakotaka yenyewe. Maduhu alitulia vizuri, alivuta vizuri, na risasi zake zilikuwa zinalima ardhi. Nilimrekebisha kiwiko, bega na pumzi, na hakuna kilichobadilika.

Sajenti Meja wa kikosi, yule mkubwa wa nidhamu ambaye hata maofisa vijana walikuwa wakimkwepa, aliniita. "Koplo Ngasa, huyu mtoto wa kwenu ana miguu mizuri. Lakini mimi sitafuti mbio. Mbuzi nao wanakimbia. Wiki ijayo anapiga mara ya mwisho. Akikosa, afungashe."

Kurudishwa nyumbani ni aibu kwa kila kuruta, lakini huyu hata nyumbani hakuwa napo tena.

Kesho yake tulikuwa kwenye bustani ya jiko, tunapalilia mchicha. Mbuzi wa wanakijiji wakaingia. Maduhu akaokota jiwe, akalirusha kutoka mbali kabisa, likampata beberu aliyetangulia kwenye pembe, paa! Kundi zima likageuka. Nikataka kumpigia makofi. Lakini aliponiona namtazama aliurudisha mkono wake mgongoni haraka, kama mtoto aliyekutwa anadokoa nyama. Ulikuwa mkono wa kushoto.

"Huo mkono unauficha wa nini?"

"Nisamehe, afande."

"Sijakukasirikia. Wewe ni wa kushoto?"

"Nilikuwa, afande. Baba aliufunga kwa kamba nilipokuwa mdogo. Kila wakati wa kula, mpaka nikaacha. Ila jiwe... jiwe linatoka lenyewe."

Nilimwelewa, nani wa kwetu asimwelewe? Mkono wa kushoto huli nao, husalimii nao, humpi mkubwa kitu nao. "Sasa mbona hukusema kwenye shabaha?" Akainama. "Bunduki nimepewa na wakubwa, afande. Niishike kwa kushoto mbele yao? Si nitakuwa nimewatukana?" Nilianza kucheka, nikaona machozi yanamlengalenga, nikanyamaza.

Nikamwambia aunganishe viganja aache katundu kadogo katikati, anyooshe mikono, na autazame mlingoti wa bendera kupitia hapo kwa macho yote mawili. Kisha afumbe moja moja. Alipofumba la kushoto, mlingoti ukapotea. Maskini! Siku zote hizo alikuwa anafumba jicho linalolenga na kulenga kwa lile jingine.

Nikaenda kwa Sajenti Meja mbio mbio, nimefurahi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Hayo amesema nani?"

"Nimegundua mimi, afande."

"Basi yeye hajasema. Aje aseme mwenyewe. Asiyeweza kuniambia shida yake hapa kivulini, ataniambia lini, risasi zikilia? Na umwambie bunduki zetu hutupa maganda ya risasi upande wa kulia. Akiiweka kushoto, ganda la moto litapita mbele ya uso wake. Alijue hilo kabla ya kuomba."

Nilimpelekea Maduhu maneno hayo yote. Ganda la moto halikumtisha hata kidogo. Kilichomtisha ni kusema.

Asubuhi, kombania nzima ikiwa imejipanga, aliitwa mbele. Nami nilikuwa pembeni, nimekatazwa kufungua mdomo. Maduhu akasimama mguu sawa, midomo inatikisika, hakuna kinachotoka. Sajenti Meja akamsogelea. "Umekuja tutazamane?" Moyoni nilikuwa namsukuma: sema, ng'wanone, mwanangu, sema!

"Afande, mimi ni wa kushoto."

"Sijasikia!"

"Mimi ni wa kushoto, afande! Nimezaliwa hivyo! Naomba kulenga kwa kushoto!"

Kuna waliocheka kwenye mistari. Sajenti Meja akawageukia: "Anayecheka atakimbia mpaka kicheko kimwishe." Kisha kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akamwambia, "Sasa nimekusikia, kijana. Kuanzia leo, bega la kushoto."

Siku ya kupiga, ganda la kwanza lilimpitia karibu na pua akashtuka, risasi ikapotea. Ya pili hivyo hivyo. Nikajisemea, yamekwisha. Kisha nikaona mgongo wake umelegea, ametoa pumzi nusu, ametulia kama tulivyomfundisha. Alipomaliza, Sajenti Meja alikwenda mwenyewe kuitazama karatasi ya shabaha, akarudi polepole akipangusa vumbi kwenye suruali. Alisema neno moja tu: "Anabaki."

Mimi niliendelea na kazi, nikawa sajenti, nikapelekwa kusini, nikarudi, nikawa sajinitaji, cheo kinachofuata, mpaka nikastaafu na kurudi hapa Bariadi kulima pamba na mpunga kidogo. Nimefundisha wengi, na wapo walionizidi vyeo wakawa wananipigia saluti kwa utani tukikutana stendi. Kwa hiyo nisikilize, Kabula. Utafokewa. Kufokewa si kuchukiwa, ingawa wapo wachache wenye roho mbaya, na hao nao wana wakubwa wao. Washtaki kwa utaratibu, usinung'unike bwenini. Fua soksi zako kila siku, kidonda cha mguu kimewarudisha wengi. Mama yako anasema jeshi litakukausha moyo. Mwambie kwamba babu yako ametoka huko na bado analia kwenye harusi. Na ukiwa na shida, goti, jicho, hofu yoyote, usiifiche kwa heshima. Simama wima uiseme mapema, kwa sauti.

Nilipoagwa kikosini waliniuliza ni siku gani nimeipenda kuliko zote. Niliwaambia ni siku ya kufunga mafunzo ya kundi lile. Baba yake Maduhu alikuja, mzee mwembamba amevaa koti kwenye jua kali. Baada ya gwaride, Maduhu alimsogelea, akamwamkia, na bila kuzungukazunguka akamwambia: "Baba, nimefaulu kwa mkono wa kushoto."

Mzee aliutazama ule mkono. Halafu akanigeukia mimi. "Niliufunga mimi, afande. Niliogopa watamcheka, waseme hakulelewa." Akaliweka sawa koti lake. "Na serikali imeukubali kweli?"

"Imeukubali, baba. Na sisi tumeukubali."

Basi akamshika mwanawe mkono ule ule wa kushoto, wakaongozana kuelekea walipokaa wazazi wengine. Wazee wenzake walisimama, wakamnyooshea mikono wamsalimie. Yeye aliwaitikia kwa mdomo tu, maana mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika wa kushoto wa mtoto wake, na hakuuachia.